Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Mji Mkongwe: hoteli zetu ndogo ndizo zinazozishikilia nyumba hizi

Waheshimiwa wenye dhamana ya Mji Mkongwe wa Zanzibar: wa hifadhi, wa utalii, wa kodi na wa manispaa,

Assalaamu alaykum.

Nakuandikieni nyote kwa pamoja kwa sababu jambo langu limekaa baina ya meza zenu. Anayesimamia ukuta hasimamii kodi, anayepokea kodi hausimamii ukuta, na mwenye nyumba anazunguka baina yao na faili mkononi. Nimeona niliseme hadharani, wasikie na majirani zangu wa Kiponda, Hurumzi, Malindi na Sokomuhogo, ambao wengi wao wana shida hii hii na hawajui wamwandikie nani.

Ninaloomba ni moja. Familia yenye hoteli ndogo ndani ya nyumba ya kihistoria, ikiitengeneza nyumba hiyo kwa chokaa na boriti, kwa kibali na chini ya jicho la wahifadhi, basi gharama ile ihesabiwe kuwa ni mchango wake kwa Serikali na ipunguzwe katika kodi na ada za mwaka ule. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu, na sababu zenyewe zimo ndani ya historia ya nyumba moja ya Kiponda, ambayo ni yetu. Nimeichagua kwa kuwa ndiyo ninayoijua mpaka choo chake, lakini anayeujua mji huu ataiona na nyumba ya jirani yake humu.

Mji huu ulikuwa mji wa wageni kabla haujawa mji wa watalii. Majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi yalianza kuonekana mwisho wa mwaka, yakitoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi, Kachi na Usomali, na hayakuweza kurudi mpaka kusi ivume, kwenye Aprili. Miezi yote hiyo mji ulijaa watu wasio na kwao hapa. Manahodha na matajiri walifikia kwa washirika wao wa biashara. Mabaharia walilala vyomboni au wakapata pa kujibanza Malindi na Funguni. Jumuiya za Wahindi zilikuwa na musafirkhana za wasafiri wao. Mtu wa Pemba aliyeleta mgonjwa alifikia kwa jamaa, na asipokuwa na jamaa alifikia kwa jamaa wa jirani yake. Waingereza walikuwa na klabu yao, iliyoanzishwa 1888, na jengo lake la Shangani leo ni hoteli ya Africa House. Hoteli ya familia haikuwa na kazi, kwani nyumba iliyojiweza haikukosa chumba cha mgeni.

Nyumba yetu ilijengwa kwa desturi hiyo. Duka chini, familia juu, ngazi ya mawe inayopanda ubavuni, na kiua kidogo cha kuingiza hewa na mwanga. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na unene wake unapita nusu mita. Dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo zina urefu wake, kama mita mbili na nusu hadi tatu za kutumika, na urefu huo ndio uliopanga upana wa vyumba vya mji mzima. Mgeni anayeuliza kwa nini chumba chake ni chembamba na kirefu hupata jibu akitazama juu.

Yaliyopita baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mnayajua, na hapa si mahali pa kuyafungua upya. Nitasema lile linalohusu mawe tu. Nyumba nyingi za mji zilibaki bila ya wenyewe, nyengine zikachukuliwa na Serikali, na ndani yake zikaingizwa familia za kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Watu walipata pa kukaa, na hilo lilikuwa jema. Lakini nyumba moja ikiwa na familia nne au tano, kila mmoja anajua chumba chake na hakuna anayejua paa ni la nani. Maji ya mvua yakipenya, yalipenya kwa wote na yakazibwa na hakuna. Miaka ya mwanzo ya 1990 mji ulipopimwa nyumba kwa nyumba, zilihesabiwa zaidi ya 1,700, na sehemu kubwa yake ilikuwa inachakaa. Kabla ya hapo, 1985, Serikali ilikuwa imeshaona hatari ikaunda mamlaka maalumu ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji. Mwaka 2000 tukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hayo yote ni mazuri na nayashukuru. Ila orodha haipandi juu ya paa kuziba tundu.

Nyumba yetu ilisalimika mikononi mwa babu. Duka lake halikusalimika. Kufika katikati ya miaka ya 1980 bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, rafu zilikuwa tupu, na babu alikuwa ameshaufunga mlango wa mbele kwa komeo na kuingilia wa pembeni. Kisha biashara ikafunguliwa, sheria ya kulinda vitega uchumi ikapita 1986, na wageni wenye mabegi mgongoni wakaanza kushuka bandarini kutoka Dar es Salaam. Papasi, vijana wa kutafutia wageni malazi kwa ujira, waliwapokea na kuwapitisha vichochoroni kutafuta pa kuwalaza, maana pa kulala palikuwa pachache. Hoteli ya Bwawani ilikuwako tangu miaka ya 1970, lakini wengi wa vijana wale hawakuwa na fedha ya Bwawani.

Mmoja wa papasi alikuwa mtoto wa jirani. Magharibi moja aliwaleta mlangoni mume na mke, wamechoka, vumbi tupu. Bibi hakuwaza biashara. Mgeni yuko mlangoni na adhana imeshatolewa. Alifungua chumba cha juu, akatandika samadari aliyoolewa nayo, akaweka ndoo ya maji na kata chooni, akawapelekea chai na mkate wa kumimina. Walikaa wiki nzima. Walipoondoka waliacha fedha chini ya mto, na bibi aliona haya kuishika. Mwisho babu aliichukua akanunua mabati ya upande wa mashariki wa paa, ambao ulikuwa umevuja masika mbili mfululizo.

Tangu hapo hesabu ya nyumba yetu imekwenda hivyo hivyo: mgeni analipa, nyumba inakula. Fedha ya wageni ndiyo iliyotengeneza roshani ilipoanza kuinama. Ndiyo iliyonunua boriti za chumba cha kati. Ndiyo iliyomlipa fundi aliyetoa saruji yote iliyopakwa ukuta wa nyuma na mpangaji wa duka jirani, ukaanza tena kupumua. Hatukujenga nyumba ya pili kwa fedha hiyo. Tulisomesha watoto na tukaishika nyumba hii isimame, basi.

Baba alichukua leseni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lililokuwa duka likawa mapokezi, ghala ikawa jiko, kiuani zikawekwa meza za chai ya asubuhi. Shangazi zangu walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri kukaanga vitumbua, na ami alikuwa akienda Darajani kununua matunda kabla jua halijapanda. Daftari la kwanza la wageni tunalo mpaka leo. Bibi ndiye aliyekuwa akiliandika, na yeye alisoma chuoni, chuo cha Kurani, si skuli, kwa hiyo majina ya Wajerumani, Wajapani na Wadachi yote yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na pembeni ya kila jina alama ndogo: huyu hali pilipili, huyu anaumwa tumbo, huyu aamshwe kwa boti ya asubuhi. Askari waliokuja kukagua daftari walilazimika kumwita yeye awasomee. Daftari lile kwangu mimi ni kumbukumbu ya mji kama hati yoyote iliyowekwa kwenye nyaraka, na natamani siku moja madaftari ya hoteli ndogo zote za mji yakusanywe kabla mchwa hawajayamaliza.

Tulipata miaka ya neema. Tamasha la filamu za nchi za jahazi lilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na Sauti za Busara ilipoanza Februari 2004, vyumba vilijaa mpaka binamu zangu wakalala barazani. Wanamuziki wasioweza bei za ufukweni walilala kwetu, na mazoezi yao tuliyasikia dirishani kabla watu wa Ngome Kongwe hawajayasikia.

Tulipata na miaka migumu. Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima kwa karibu mwezi mmoja. Disemba 2009 ukakatika tena na haukurudi mpaka Machi 2010. Hoteli kubwa ziliwasha majenereta. Sisi tuliwasha chemli, tukapandisha maji kwa ndoo hadi ghorofa ya juu, na waliobaki kwetu walibaki kwa sababu kuta nene za matumbawe zilikuwa bado na ubaridi wakati vyumba vya zege havikaliki. Kisha ikaja Aprili 2020, ndege zikasita. Nyumba ya chokaa ikifungwa huvunda. Unyevu hauna pa kutokea, boriti huanza kuliwa kimyakimya. Kwa hiyo kila asubuhi mama alipanda kufungua madirisha ya vyumba vitupu na kila jioni akapanda kuyafunga. Hakuna mgeni, hakuna mapato, lakini kazi ya nyumba haikusimama hata siku moja.

Mwisho wa mwaka ule ule, Disemba 25, upande wa Beit al Ajaib uliporomoka na mafundi wawili wakapoteza maisha, Mwenyezi Mungu awarehemu. Jumba alilolijenga Sayyid Barghash 1883, ambalo dunia nzima inalijua kwa jina! Lilikuwa tayari liko katika matengenezo, kwa msaada wa Oman. Kama jumba lile lenye jina, lenye marafiki nje na lenye Serikali nyuma yake lilifika hapo, nyumba ya Kiponda isiyo na jina ina nani? Jibu langu ni kwamba ina familia yake, na familia ina wageni wake. Ukiondoa wageni, familia haiwezi. Ukiondoa familia, hakuna atakayejua kwamba boriti ya tatu kutoka dirishani imeanza kulia usiku.

Naomba mnivumilie nieleze matengenezo yenyewe yanavyokwenda, maana nahisi wengi wanaopanga viwango vya ada hawajapata kukaa nayo.

Boriti haiozi katikati. Huoza kichwani, pale ilipoingia ukutani, kwa sababu ukuta ukilowa kichwa ndicho kinachokunywa. Ukitazama kutoka chini unaiona nzima. Fundi mzee ndiye anayejua, kwa kugonga na kusikiliza. Akishasema imekwisha, chumba kinafungwa. Dari inashikizwa kwa magogo kutoka chini, na chumba cha chini yake nacho kinafungwa, kwa kuwa magogo yamesimama humo. Sakafu ya juu inavunjwa kwa mkono, si kwa mashine, kwani mtikisiko unaangusha lipu ya jirani. Boriti mpya inatafutwa, na haipatikani kirahisi siku hizi. Mikoko imehifadhiwa, na ni haki ihifadhiwe. Inachongewa nafasi yake ukutani. Juu yake yanapangwa mawe, kisha kokoto na chokaa.

Na chokaa si mfuko wa kununua asubuhi ukatumia mchana. Inachomwa, inalowekwa shimoni, inaachwa ilale wiki baada ya wiki, na kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa laini. Ikishamwagwa sakafuni inapigwa kwa vibao, watu wamejipanga mstari, siku kadhaa, mpaka itoe maji yake yote na ishikane. Zamani kazi hii ilikuwa na nyimbo zake. Nilipokuwa mdogo niliwaona wanawake wakiipiga sakafu ya nyumba ya pili yetu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, mkono haupishani na wimbo. Sasa waliobaki ni wachache, na vijana tunaowapata wanataka kumwaga zege waondoke.

Hapo ndipo palipo na mtihani. Saruji ni rahisi. Saruji ni siku mbili, chumba kinafunguliwa, mgeni analala. Lakini saruji juu ya ukuta wa matumbawe huziba njia ya unyevu. Chumvi hukusanyika ndani, lipu hupasuka, mawe huanza kumomonyoka nyuma yake bila mtu kuona, na baada ya miaka kadhaa ukuta unatoka tumboni. Wahifadhi wamelisema hili kwa miaka mingi na wamelisema kweli. Sheria ya Mji Mkongwe ya 2010 iko, vibali viko, wakaguzi wapo. Kwa hiyo mwenye nyumba anayefuata sheria anafunga vyumba viwili kwa miezi, anawalipa mafundi wa ghali, anakosa mapato ya vyumba vile, na mwisho wa mwaka analipa leseni ile ile na ada zile zile kama vyumba vyote vilikuwa wazi. Anayemwaga saruji Ijumaa jioni, ofisi zimefungwa hadi Jumatatu, huyo ndiye aliyepata nafuu. Kanuni zetu, bila ya mtu yeyote kukusudia, zinamlipa anayeua mji na kumtoza anayeutibu.

Familia yangu ilipita katika hali hiyo mara ya mwisho tulipotengeneza chumba cha mbele. Sitaitaja ofisi tuliyokwenda, kwa kuwa afisa aliyetupokea alikuwa mtu mstaarabu na alituhurumia kikweli. Alifungua kanuni zake mbele yetu, akazipitia mstari kwa mstari, akasema hakuna kifungu kinachomruhusu kuhesabu chokaa kuwa kitu chochote zaidi ya gharama ya kawaida ya mfanyabiashara, sawasawa na aliyenunua friji. Hilo ndilo ninaloomba libadilike, na haliwezi kubadilishwa na afisa wa kaunta. Linaweza kubadilishwa na nyinyi.

Najua mtasema hoteli kubwa nazo zinatengeneza majengo ya zamani. Ni kweli. Jengo la zamani la simu la Shangani likawa Serena mwaka 1997, na jumba la kale la Mambo Msiige likawa sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa 2015. Sina ugomvi nao. Wanaajiri vijana wetu. Lakini kampuni ya namna hiyo inakuja na mtaji, wahandisi na wanasheria wake, na inakuja na muda wa kuzungumza nanyi kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Pia majengo yao yako ufukweni, yanayoonekana. Katikati ya mji, vichochoroni ambako gari haingii na bahari haionekani, hakuna kampuni inayokuja. Huko ndiko sisi tulipo, na huko ndiko mji ulipo kwa wingi wake.

Halafu kuna suala la watu. Mwaka 2019 kisiwa kilipokea wageni zaidi ya 538,000, na mwaka 2024 wakapita 736,000. Wengi wao wanatoka uwanja wa ndege moja kwa moja Nungwi, Kendwa au Paje, wanakuja mjini nusu siku, wanapiga picha mlango wa Kihindi, wananunua viungo vilivyofungwa ukindu, wanarudi ufukweni kula chakula walichokwisha kulipia. Anayelala Kiponda ni mwengine. Anakunywa kahawa barazani na wazee. Anashona shati kwa fundi wa mtaani, ananunua mkate wa ufuta kwa jirani, anamlipa kijana wa kumtembeza. Hoteli ndogo ikifungwa, wote hao wanapungukiwa siku hiyo hiyo, na taa ya mlangoni kwetu ikizimwa, kichochoro kizima kinakuwa kiza. Watoto wa kike wanaotoka chuoni baada ya isha wanapita hapo kwa sababu kuna taa na kuna mtu wa mapokezi anayewajua kwa majina. Sijaona waraka wowote wa utalii unaolihesabu hilo.

Nije kwenye mirathi, kwa maana nyumba nyingi za mji zinakufa kwa mirathi kuliko kwa mvua. Babu alipofariki, warithi walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa Maskati na Dubai tangu zamani, wengine London. Kila mmoja ana haki yake kwa sheria ya Mwenyezi Mungu na hakuna wa kumpunguzia. Nyumba ya namna hii benki haiitaki kuwa dhamana, kwani saini zinazohitajika ziko mabara matatu. Kuiuza ni rahisi. Madalali wanagonga mlango kila mwaka, na mnunuzi anataka ghorofa tupu bila ya sisi. Kilichowafanya warithi wasikubali kuuza si mapenzi peke yake. Ni kwamba hoteli ina daftari la hesabu linalosomeka, kila mwaka kila mmoja anapelekewa fungu lake, hata likiwa dogo, na anajua kilichobakishwa kimekwenda kwenye paa. Nimeona nyumba mbili za mtaa wetu zisizokuwa na mapato ya kuwakusanya warithi wake. Moja imefungwa kwa kufuli na mti umeota ghorofani. Ya pili imebaki ukuta wa mbele na mlango wa nakshi, na mlango wenyewe nasikia umeshapata mteja.

Sasa niseme mpango wenyewe, ili asije mtu akadai nimelalama tu bila ya pendekezo.

Nafuu hii iwe kwa nyumba zilizoorodheshwa kuwa za kihistoria tu, zenye vyumba vichache, zinazomilikiwa au kukodiwa kwa muda mrefu na familia inayoziendesha wenyewe. Nimesema kukodiwa kwa sababu nyumba nyengine ni za wakfu na nyengine ni za Serikali, na wanaozishughulikia humo wanastahili vilevile. Iwe na kikomo, ili hazina isiogope. Na matengenezo yakaguliwe mara mbili: wakati sakafu iko wazi boriti zinaonekana, na wakati kazi imekwisha.

Kuna kizingiti kimoja ambacho nataka mkifikirie mapema, kwani ndicho kitakachoua mpango kikipuuzwa. Mtu wa kodi ataomba risiti za kielektroniki. Fundi wa chokaa hana mashine ya risiti. Anayechoma chokaa shamba hana. Mama anayepiga sakafu hana. Mkisema bila ya risiti hakuna nafuu, mtakuwa mmempa nafuu mwenye duka la saruji peke yake, maana yeye ndiye mwenye mashine. Badala yake kazi ipimwe kwa macho na futi: mkaguzi wa hifadhi aandike zimebadilishwa boriti ngapi, zimepigwa mita za mraba ngapi za sakafu na lipu ya chokaa, na kila kipimo kiwe na thamani yake iliyokubaliwa mwanzoni mwa mwaka. Cheti chake ndicho kiwe risiti. Hivyo mtaondoa udanganyifu wa karatasi, na mtakuwa na rekodi ya hali ya kila nyumba ambayo leo hamna namna rahisi ya kuipata.

Faida nyengine ni mafundi. Zahanati ya zamani ya Ithnaasheri, pale Malindi mbele ya bahari, ilipotengenezwa miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan, vijana walijifunza kazi ya chokaa na ya mbao pale pale jengoni. Baadhi yao ndio hao wazee tunaowategemea sasa. Mradi mkubwa mmoja hauwezi kuzaa mafundi wa kutosha kila kizazi, lakini hoteli ndogo thelathini, kila moja ikitengeneza chumba kimoja kwa zamu, zitampa kijana kazi ya mwaka mzima na mwalimu wa kusimama naye. Mnaweza hata kuweka sharti kwamba kila anayepata nafuu awe na mwanafunzi mmoja kwenye kazi yake. Mimi ningelikubali sharti hilo leo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini fedha ya umma imsaidie mfanyabiashara. Namjibu kwamba nyumba hii nikitaka kupanua dirisha siruhusiwi, nikitaka kuongeza ghorofa siruhusiwi, nikitaka kubadilisha mlango siruhusiwi, na nakubali yote hayo kwa moyo mmoja kwa kuwa mji huu si wangu peke yangu. Anayetembea njiani anaufaidi ukuta wangu bila ya kunilipa, na kisiwa kinautangaza ukuta huo huo kwenye mabango ya viwanja vya ndege. Umma umeshaingia ubia na mimi katika kuzuia. Naomba uingie ubia na mimi katika kushikilia.

Chumba chetu cha nyuma, ghorofa ya pili, kimeshikizwa magogo hivi sasa. Fundi ameshakigonga na kusema boriti nne zimekwisha vichwa. Nakukaribisheni mje mkione, yeyote miongoni mwenu, siku yoyote, bila ya taarifa. Mlango uko wazi na chai ipo. Tumeshaomba kibali na tutafuata masharti yote. Tunachosubiri kujua ni kama mwaka huu tutahesabiwa tena kuwa tumenunua friji.

Masika haiko mbali. Kama jibu lenu ni ndiyo, tutaanza kuloweka chokaa mara moja ili iwe tayari. Kama ni hapana, naomba mtuambie hapana mapema, kabla mvua haijaanza, ili familia ikae na kuamua ni vyumba vipi vifungwe na ni nani kati yetu atafutiwe kazi pengine.

Wabillahi tawfiq.

Mjukuu wa nyumba,
Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja